Divai ya Bei Nafuu: Namna ya Kuijua ya Kweli na Iliyo Nzuri

Mzee mmoja wa skimu yetu alipata malipo yake ya maziwa, akapanda basi kwenda Nairobi. Binti yake anakaa Nyayo Highrise, yale majumba ya ghorofa yaliyo jirani na Kibera, na siku ile wakwe walikuwa wakija. Mzee hakutaka kuingia mikono mitupu. Katika duka moja la karibu alinunua chupa mbili za divai nyekundu zenye jina lile lile. Ya kwanza aliuziwa kwa bei ya kawaida. Ya pili mwenye duka aliitoa chini ya meza, akampunguzia karibu nusu ya bei, akisema, "Ni ile ile, mzee wangu. Leo una bahati."

Binti alipozipanga mezani aliona tofauti. Chupa ya kwanza ilikuwa na stempu ya ushuru. Ya pili haikuwa nayo, na pete ya kizibo chake ilizunguka ovyo. Akasema, "Baba, hii hatumpi mtu." Mzee alikasirika kidogo, maana fedha zilikuwa zake, lakini alikubali. Aliporudi alipita ofisini kwetu akaniambia, "Karani, wewe ulisomea ualimu. Nifundishe. Mtu asiye na fedha nyingi atajuaje divai ya kweli?"

Swali lake ni zuri, na jibu nalitoa hapa ili liwafae wote.

DIVAI NI NINI?

Divai, ambayo wengi huiita waini, ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Divai ya kawaida ya mezani huwa na kileo cha asilimia 11 hadi 14 hivi. Zabibu zake si lazima zitoke Ulaya: wenzetu wa Dodoma, Tanzania, huzilima, na hapa Kenya ziko kidogo upande wa Naivasha.

Bei nafuu peke yake si dalili ya ubaya. Shamba linalozaa sana hutoa zabibu za bei ndogo. Divai isiyowekwa katika mapipa kwa miaka huuzwa upesi, na pakiti ya karatasi ngumu ni rahisi kuliko chupa. Hayo yote hupunguza bei bila udanganyifu wo wote. Lakini ziko pia chupa ambazo ndani yake mna maji, sukari, rangi na spiriti tu, na nje zimebandikwa jina la divai.

Basi mnunuzi ana maswali mawili, na yafaa asiyachanganye. La kwanza: je, ni ya kweli? La pili: je, ni nzuri? Divai ya kweli yaweza kuwa imeharibika, na ya bandia yaweza kuwa tamu mdomoni. Swali la kwanza hujibiwa kwa macho na kwa hesabu, kabla ya kufungua. Ulimi una kazi katika swali la pili tu.

TAZAMA ALAMA KWANZA

Mkulima anaponunua mbegu za mahindi haonji punje. Hutazama pakiti kama haikufunguliwa, na kibandiko cha KEPHIS kama kipo. Fanya vivyo hivyo kwa divai.

Tazama stempu ya ushuru ya KRA. Iwe nzima, imeshika vizuri, wala isionekane kama iliyobanduliwa mahali pengine. Stempu ina alama ambazo simu husoma kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Majibu ya simu yakitaja kinywaji kingine, acha chupa hiyo dukani.

Kisha tafuta alama ya ubora ya KEBS pamoja na namba iliyo chini yake. Kwa vitu vinavyotengenezwa hapa nchini, andika SM#, kisha namba hiyo, utume ujumbe kwa 20023. Utajibiwa jina la kitu na la mwenye kibali. Linganisha na yaliyoandikwa kwenye chupa, maana namba ya kweli yaweza kuibwa na kubandikwa penye uwongo.

Tazama kizibo. Pete yake isiwe imekatika, wala kusiwe na unyevu unaovuja. Karatasi ya jina iwe imenyooka, maandishi yasiwe na makosa, na anwani ya mtengenezaji iwepo. Soma pia orodha ya vilivyomo. Ikianza na maji, sukari, spiriti na rangi, kinywaji hicho chaweza kuwa halali, lakini si divai ya zabibu. Usikilipie bei ya divai.

PIGA HESABU

Hapa ndipo mlaghai hunaswa kwa urahisi. Sheria iliyopitishwa mwisho wa mwaka 2024 iliweka ushuru wa divai kuwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita moja ya kileo halisi. Tuchukue chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12. Kileo halisi ndani yake ni mililita 90, yaani sentilita 9. Zidisha 9 kwa 22.50, utapata shilingi 202.50. Ongeza kodi ya thamani ya asilimia 16, jumla inakuwa karibu shilingi 235.

Fedha hizo ni za Serikali peke yake. Hatujahesabu zabibu, chupa, lori, wala faida ya mwenye duka. Basi kwa ushuru huo, mtu akikuuzia chupa kama hiyo kwa shilingi 200, ujue ushuru wake haukulipwa, ama ndani hamna kinachotajwa nje. Bunge hubadilisha viwango mara kwa mara, lakini hesabu ni ile ile: uliza kiwango, zidisha, kisha linganisha.

BAADA YA KUFUNGUA

Sasa ni zamu ya pua na ulimi. Mimina kidogo katika bilauri safi.

Harufu kali ya siki yaonyesha kwamba hewa iliingia na divai inageuka. Haitakuua, lakini hukuilipia siki. Harufu ya karatasi iliyolowa ukungu hutokana na kizibo kibovu. Ladha ya matunda yaliyopikwa mno huonyesha kwamba chupa ilikaa juani au kwenye joto. Kwa hiyo usinunue ile iliyopangwa dirishani jua likiipiga. Divai ya pakiti haifai kukaa muda mrefu, basi tazama tarehe. Ukiona vipande vidogo ving'aavyo kama chumvi chini ya chupa, usiogope. Hiyo ni chumvi ya zabibu yenyewe, nayo haina madhara.

Divai nyekundu yaweza kujaribiwa kwa magadi ya jikoni. Weka kijiko kimoja katika kisahani cheupe, utie maji kidogo ya magadi. Rangi ya zabibu hugeuka kijivu, kijani au samawati. Rangi za kiwandani mara nyingi hubaki nyekundu vile vile. Kisha mwaga, usinywe. Lakini kumbuka kwamba jaribio hili hupima rangi tu. Maua ya rosela hugeuka pia, na sumu haionekani hata kidogo.

SUMU ISIYO NA HARUFU YAKE

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Walaghai wengine hutumia methanoli, spiriti ya viwandani, kwa kuwa ni rahisi. Huwezi kuitambua kwa pua wala kwa ulimi. Wanaosema washa kiberiti utazame moto wanakudanganya. Ndani ya mwili methanoli hugeuka asidi ambayo huharibu mishipa ya macho, na kisha huua.

Mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mwezi wa Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Februari 2024 msiba ulifika Kirinyaga. Vinywaji hivyo havikuwa divai ya zabibu. Lakini mtu anayejaza spiriti katika chupa ya divai anatumia spiriti ile ile.

Dalili zaweza kuchelewa nusu siku au siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa shida, na macho kuona ukungu mweupe. Usimpe mgonjwa maziwa ukangoja alale apone. Mpeleke hospitali mara moja, uchukue na chupa ile, na uwaambie wote waliokunywa naye waende, hata wasiosikia lo lote. Dawa ipo, lakini husaidia ikiwahi.

KWA UFUPI

1. Nunua duka lenye leseni, wala si chini ya meza.
2. Kagua stempu ya KRA na namba ya KEBS kwa simu.
3. Kagua kizibo, jina na orodha ya vilivyomo.
4. Piga hesabu ya ushuru kabla ya kufurahia bei.
5. Ukimaliza chupa, chana karatasi ya jina, maana chupa tupu ni mtaji wa mlaghai.
6. Ukiona ya bandia, mpashe habari chifu au KRA.

Chupa ya pili ya yule mzee haikunywewa, na hatutajua ndani mlikuwa na nini. Fedha zake zilipotea, na hilo lilimuuma. Lakini chupa moja ilitosha, na jioni ile wakwe walirudi kwao wakiiona njia vizuri.