Mstari wa Volti 12

Mnunuzi akiigeuza ubavu pawa saplai ya bei ya chini, kwanza anakutana na maandishi makubwa: 500W. Pembeni pamebandikwa stika yenye jedwali la herufi ndogo, na hapo ndipo penye habari. Kwenye safu iliyoandikwa +12V kuna ampea, na kwa mzigo wa bei hiyo si ajabu kukuta 18A. Volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa wawili wa umeme ndani ya kompyuta ya gemu, wote wanakula kwenye mstari huohuo wa volti 12. Mistari ya volti 5 na 3.3 inahudumia vitu vidogo vidogo kama diski na milango ya USB. Kwa hiyo kilichoandikwa 500 kwa nje, kwa kazi ya gemu ni 216.

Pawa saplai ya wati 500 ya kweli huonyesha ampea karibu 40 kwenye safu hiyo. Hata mkono huwa unaitambua: ina uzito, maana ndani mna transfoma ya haja, koili na mabati mapana ya kupozea. Ile nyepesi kama kopo tupu mara nyingi imepunguziwa vyote hivyo.

Vijana wengi wanaojiundia kompyuta ya kwanza huanzia kwenye kadi. Inaeleweka. Kadi ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, ndiyo inayosifiwa kwenye video, ndiyo wanayoulizana vijiweni. Pawa saplai inaachiwa chenji. Hesabu hiyo inafaa ipinduliwe, na sababu ni ya mfukoni kabisa: kadi dhaifu inafanya gemu iende polepole, basi; pawa saplai mbovu ikilipuka inaweza kuondoka na bodi kuu, diski, na hiyo kadi iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi.

Afrika Mashariki, kompyuta ya gemu ya bei nafuu mara nyingi imeanzia maisha yake ofisini, Ulaya au Marekani. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizostaafishwa hupangwa kwa safu kwenye maduka ya Nairobi na Kariakoo, nyingine bado na namba za mali za kampuni zilikotoka. OptiPlex 9020 yenye Core i5 ya kizazi cha nne ni ya zamani, lakini kwa kadi inayofaa bado inamudu GTA V, gemu iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015. Kikwazo kimo kwenye umeme. Ile ya kasha refu ina pawa saplai ya wati 290, ile nyembamba wati 255. Tena plagi inayoingia kwenye bodi kuu si ile ya kawaida ya pini 24, ni ya pini 8 ya Dell wenyewe, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta.

Hapo ndipo kadi zisizo na waya wa ziada zinapookoa. Sloti ambamo kadi inachomekwa inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na zipo kadi zilizotengenezwa zisivuke hapo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni mojawapo. GTX 1650 ya mwaka 2019 ni nyingine, na mwishoni mwa 2022 ilishika nafasi ya kwanza kwenye takwimu za kadi zinazotumiwa na wachezaji wa Steam duniani. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 tu na ina nguvu kuzishinda zote mbili. Kwa kompyuta ya wati 290, hesabu ya GTX 1650 inakaa vizuri: prosesa wati 84, kadi 75, vingine vyote tuseme 40. Jumla 199, na nafasi ya kupumua inabaki.

Lakini jina peke yake halitoshi. Kuna GTX 1650 zilizotoka kiwandani na tundu la pini 6 juu yake, na kadi hiyo haiwaki bila waya wake. Anayenunulia kompyuta nyembamba ahakikishe kadi ni ile fupi ya kimo na imekuja na bati lake la kufungia, la sivyo kasha halitafungika. RX 6400 nayo inavutia kwa wati zake 53, ila inazungumza na bodi kuu kwa njia nne tu, na ikiwekwa kwenye mashine ya kizazi kile inapoteza sehemu ya kasi yake. GTX 1050 Ti imefika uzeeni kwa njia nyingine: Julai 2025 Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi hicho zinaacha kupata draiva mpya za gemu baada ya Oktoba mwaka huohuo, zibaki na marekebisho ya usalama tu. Kwa pesa inayokaribiana, GTX 1650 ina miaka zaidi mbele yake.

Kishawishi kikubwa zaidi ni RX 580. Ina hadi GB 8 za kumbukumbu, bei yake ya mtumba iko chini, na kwenye gemu inaiacha GTX 1650 nyuma. Nyingi zilikuwa migodini, zikichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, hadi tarehe 15 Septemba 2022 mtandao huo ulipobadili utaratibu na uchimbaji wa kadi ukakoma. Wachimbaji wakazimwaga sokoni. Si kila iliyotoka mgodini ni mbovu, lakini feni zake zimezunguka kwa miaka. Zipo pia zilizoandikwa 2048SP, toleo lililopunguzwa viini kutoka 2304, ambalo muuzaji asiye makini analiita RX 580 tu.

RX 580 inakula wati 185. Kwenye OptiPlex ya wati 290, hesabu inapita 300 kabla gemu haijanoga. Baadhi ya mafundi hutatua kwa adapta inayochota umeme kutoka waya wa diski, yaani SATA, na kuugeuza kuwa pini 6 au 8. Huo ni mtego. Kichwa cha SATA kimekadiriwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54. Kichwa cha pini 6 kinaweza kudai 75, cha pini 8 kinadai hadi 150. Plastiki inaanza kulainika, harufu inafuata. Anayeitaka RX 580 anunue na pawa saplai ya kweli ya wati 500 yenye waya wake wa pini 8, na kasha na bodi vya kuipokea. Akishafika hapo, RX 6600 ya mwaka 2021 ni ya kuulizia pia: wati 132, GB 8, na kasi inayoipita RX 580 kwa mbali.

Kadi feki nazo zipo. Kuna chipu za zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa programu ya ndani ili kompyuta izisome kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la mwaka 2018, huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Kuomba muuzaji aiwashe kadi na kuifungua programu hiyo kaunta si kumdharau, ni haki ya mwenye pesa.

Jina kubwa kwenye boksi linasaidia, ila si kinga kamili. Agosti 2021 Gigabyte ilitoa tamko kuhusu pawa saplai zake za P750GM na P850GM, baada ya wakaguzi kuonyesha zikilipuka kwenye majaribio, na ikawafungulia wateja mlango wa kubadilishiwa. Nembo ya 80 Plus inaahidi kwamba umeme mwingi unaoingia unafika ndani bila kupotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya shoti.

Kwa mzigo wa mtumba kutoka Marekani kuna jambo la kuangalia kabla ya yote. Nyuma ya pawa saplai nyingine kuna swichi ndogo nyekundu ya kusukuma kwa bisibisi, yenye 115 upande mmoja na 230 mwingine. Kule ilikotoka ilikaa 115. Ikichomekwa hivyo kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya, mlio mmoja unatosha. Na kwa mitaa ambayo umeme hukatika, UPS iliyoandikwa 650VA isidhaniwe ni wati 650. Nyingi zinabeba wati 360 hivi, na kwa mzigo wa gemu zinatoa dakika chache za kusevu na kuzima.

Baada ya kufunga, jaribio zuri halihitaji zaidi ya mita ya fundi. Gemu nzito iachwe ifanye kazi nusu saa. Ncha nyeusi ya mita iguse waya mweusi kwenye plagi ya pini 4 iliyobaki bila kazi, nyekundu iguse waya wa njano, ambao ndio volti 12. Kiwango kinaruhusu kati ya 11.4 na 12.6. Mita ikisoma 11.9 na kutulia, kazi iendelee. Ikisoma 11.2 huku ikishuka, gemu izimwe hapohapo na pawa saplai irudishwe dukani na risiti yake.