Je, Wajua? Mpole wa Ngurdoto Anaua

Je, wajua kwamba mnyama mpole utakayemkuta mara tu ukipita geti la Ngurdoto, Hifadhi ya Taifa Arusha, anaweza kumuua simba kwa teke moja?

Ni twiga. Yule yule anayesimama pale kwenye uwanda wa Serengeti Ndogo na kope zake ndefu, anatafuna majani ya mgunga, anakutazama kama mtu aliyesahau jina lako. Ukishtuka, naye anashtuka.

Sasa tazama miguu. Kwato moja ina upana wa sentimita 30 hivi, sawa na sahani ya pilau, na juu yake dume hubeba zaidi ya tani moja.

Kichwa nacho ni rungu. Fuvu la dume huongezeka mfupa kadiri anavyozeeka, na madume hugongana kwa kurusha shingo. Mei 2018, huko Afrika Kusini, mpiga picha wa filamu alipigwa kwa kichwa na twiga akafa.

Mashabiki wa Star Wars watamkumbuka C-3PO, roboti mwoga kupindukia. Katika filamu ya 2002 kichwa chake kilifungwa kwenye mwili wa roboti wa vita, akajikuta anafyatua silaha huku akilalamika. Twiga hahitaji kubadilishiwa mwili.

Humo humo hifadhini, Mlima Meru hupandwa kwa kuongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mkikutana na twiga mwenye ndama njiani, mpisheni.