Plagi za gari kuukuu Mwanhuzi: rafu ya duka ndiyo inayoamua

Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huingia wilayani Meatu, Simiyu, kwa mkupuo, na sehemu yake huishia kwenye injini. Gari lililokuwa likisukumwa ili liwake, au lililovumiliwa huku likimisi kila likipakia mzigo, sasa linapelekwa gereji. Mara nyingi fundi huanza na plagi. Kazi yenyewe haichukui muda, vifaa vinavyohitajika ni vichache, na mwenye gari hukabidhiwa plagi za zamani akajionea fedha yake imekwenda wapi. Ndiyo maana katika mji kama Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya, plagi ni spea isiyolala dukani. Kama ndiyo plagi inayotakiwa na injini, hilo ni jambo jingine.

Magari yenyewe yanajulikana: Probox na IST za mchomoko, Noah, Carina, Mark II, Hiace za petroli. Land Cruiser za dizeli hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa dizeli huwaka kwa mgandamizo wala haihitaji cheche. Sera za forodha zina mkono wake katika wingi wa magari kuukuu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kuanzia 2018. Tanzania haikufunga mlango. Inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na mnunuzi akiulipa, gari ni lake. Hivyo gari linaweza kushushwa Dar es Salaam likiwa tayari limekula miaka, likatumika mjini, likauzwa mikoani, na kufika Simiyu likiwa limepita mikono mitatu minne. Kitabu chake cha maelekezo, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani.

Hapo ndipo kosa linaporithiwa. Fundi anachomoa plagi iliyomo, anampeleka kijana dukani na sampuli, na duka linatoa inayofanana nayo. Lakini ile iliyomo iliwekwa na fundi aliyetangulia, naye alichukua iliyokuwepo dukani siku hiyo. Hakuna aliyerudi kwenye maelekezo ya kiwanda.

Mwenye duka naye ana hesabu zake. Mzigo hutoka kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ukapitia Mwanza au Bariadi, na kumalizia safari kwenye buti la basi. Mtaji wake haumruhusu kuweka aina thelathini za plagi. Anaweka zinazotoka haraka: za bodaboda kwanza, kisha mbili tatu za Toyota zinazoingia kwenye injini nyingi. Mteja akisema “nipe plagi za IST,” anapewa inayoingia. Na plagi kuingia kwenye tundu si ushahidi wa chochote, kwa sababu nyingi za magari madogo zina nyuzi za upana ule ule wa milimita 14.

Ushahidi uko kwenye namba. Soko la magari ya Kijapani limetawaliwa na majina mawili: NGK, iliyoanzishwa Nagoya 1936 na ambayo kampuni yake sasa inajiita Niterra, na Denso, iliyojitenga na Toyota 1949. Chukua plagi ya Denso iliyoandikwa K16R-U11. Ile 16 ni kiwango chake cha joto, R inaonyesha kuna kizuizi cha umeme ndani, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1 kwenye ncha. Kwa NGK, daraja hilo hilo la joto linaandikwa 5, kama katika BKR5EYA-11. Denso 20 ni sawa na NGK 6. Katika kampuni zote mbili, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Bosch wamegeuza: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Muuzaji anayebadilishana namba za kampuni hizi kwa kukisia anaweza kumpa mteja kinyume kabisa cha alichohitaji.

Plagi kuitwa ya moto au ya baridi hakuhusiani na ukali wa cheche, wala na jua la Meatu. Kunahusu kasi ya plagi kutoa joto kuelekea kwenye silinda hedi. Ncha inatakiwa ifikie takribani nyuzi joto 500 ili iunguze masizi na kujisafisha, lakini isikaribie 900, maana hapo petroli huanza kuwaka kabla ya cheche na pistoni hutobolewa. Wapo wanaoshauri plagi ya baridi kwa kuwa “huku kwetu kuna joto.” Ushauri huo ni mbaya, na mbaya zaidi kwa injini inayopitisha oili, kwa sababu plagi ya baridi hujaa uchafu upesi. Fundi mwingine atapanda daraja moja kwenye umoto ili oili iungue. Gari litatulia kwa muda, huku ringi na vali sili zikiendelea kuchakaa.

Herufi R nayo inadharauliwa bila sababu. Plagi isiyo nayo hukwaruza redio, na kwenye gari la mfumo wa EFI inaweza kuvuruga kompyuta ya injini. Urefu wa nyuzi ni hatari zaidi. Plagi fupi huacha cheche shimoni, ndefu inaweza kugongwa na pistoni.

Sasa bei. Plagi ya kawaida ya nikeli, inayoitwa pia ya kopa kwa sababu ya moyo wake wa shaba, hutarajiwa kudumu kilomita 20,000 hivi. Ya iridiamu yenye maisha marefu inafika 100,000. Kwa hesabu ya haraka, ikiuzwa chini ya mara tano ya bei ya nikeli, iridiamu ni rahisi kwa kila kilomita. Hesabu hiyo ni sahihi kwa injini nzima. Kwa injini inayokula oili, plagi itazibwa na masizi mapema mno, na mwenye gari atakuwa amelipia kilomita asizoziona. Kwa gari la namna hiyo mimi ningenunua nikeli halisi kila baada ya kilomita 20,000, na tofauti ya bei ningeiweka kwa ajili ya ringi. Kwa injini iliyoundwa kwa iridiamu na bado ina nguvu, sishauri kushuka.

Nimesema halisi kwa makusudi, maana iridiamu ndiyo inayomvutia mghushi: faida ni kubwa na mnunuzi hana kipimo. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963 na inasimamiwa na Tume ya Ushindani, lakini rafu za wilayani ni nyingi kuliko wakaguzi. Maandishi yanayofutika kwa kidole, ncha iliyokaa upande, au iridiamu inayouzwa karibu na bei ya nikeli vitoshe kukurudisha nyuma. Dai risiti ya EFD. Muuzaji anayesita kuitoa amekujibu.

Kuna plagi zinazolaumiwa kwa kosa la mafuta. Ukichanganya mafuta ya taa na petroli, ncha hupakwa masizi hata plagi ikiwa mpya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili uchakachuaji usilipe. Hata hivyo, petroli ya chupa pembeni mwa barabara hainunuliwi na mtu mwenye kipimo. Plagi iliyochomolewa ikiwa na rangi ya kahawia hafifu inaonyesha injini ina afya. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au chujio la hewa lililoziba kwa vumbi, jambo la kawaida kwenye barabara za udongo. Nyeusi yenye ulowevu ni oili. Kuisugua kwa msasa na kuirudisha ni kununua siku chache tu.

Kufunga nako kuna gharama. Plagi mpya yenye washa ikazwe kwa mkono hadi igote, kisha nusu mzunguko kwa spana, injini ikiwa imepoa. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Nyuzi zikiharibika, kuzitengeneza kunagharimu zaidi ya plagi zote nne.

Njia ya kuondokana na utumwa wa rafu tayari ipo. Tafuta alama ya injini, kwa mfano 1NZ-FE au 3S-FE, hakikisha namba ya plagi kwenye katalogi ya NGK au Denso mtandaoni, itumie kwa simu dukani Mwanza, lipa, subiri basi. Duka la Mwanhuzi litakaloifanya kazi hiyo kwa niaba ya mteja na kuchukua kamisheni halihitaji mtaji wa aina thelathini. Linahitaji daftari la alama za injini, simu, na kondakta mwaminifu.