Mizani Isiyoonekana

Msikilizaji wetu mmoja wa Shinyanga mjini, kijana anayejipatia riziki kwa kutunga programu za kompyuta, ameniletea swali ambalo nimeona tulizungumze sote juma hili. Yeye ni Mkristo. Anasema padri anajua jinsi kazi yake inavyomtumikia Mungu, muuguzi anajua, mwalimu anajua. Lakini yeye anayekaa kutwa mbele ya kompyuta akiandika programu ya kununulia dhahabu, imani yake inaingia wapi? Je, aweke mstari wa Biblia kwenye ukurasa wa kwanza wa programu?

Nianze na wale ambao kazi hii hawajaiona. Kompyuta haina akili yake yenyewe. Hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, moja baada ya jingine: chukua uzito huu, zidisha kwa bei ya leo, toa mrabaha wa serikali, chapa risiti. Mkusanyiko wa maagizo hayo ndio programu. Mteja huiona risiti tu. Maagizo hayaoni, na hata akionyeshwa hatayaelewa. Hapo ndipo penye neno.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata, mchimbaji mdogo amehimizwa auze dhahabu yake mahali pa wazi, penye mizani na maofisa wa serikali, badala ya kuiuza gizani. Macho yote huelekea kwenye mizani. Tuseme mizani imeonyesha gramu 3.478. Programu ya mnunuzi inaweza kuagizwa iandike 3.48, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Inaweza pia kuagizwa iikate tarakimu ya mwisho kila mara, iandike 3.47. Nani atagombana kwa ajili ya sehemu nane za elfu za gramu?

Basi tupige hesabu. Programu inayokata kila mara humpunja muuzaji, kwa wastani, sehemu nne na nusu za elfu za gramu. Wakiuza watu 200 kwa siku, hizo ni sehemu tisa za kumi za gramu. Kwa siku 300 za kazi zinafika gramu 270 za dhahabu. Hilo ni jasho la watu walioshuka kwenye maduara, wakasaga mawe kwenye makarasha na kuyaosha kwenye mialo, na hakuna hata mmoja aliyepunjwa kiasi cha kumfanya apige kelele. Mizani ilikuwa sawa kabisa. Wizi ulikuwa ndani ya agizo moja tu. Sisemi kwamba jambo hili linafanyika katika soko lolote. Nasema mtunga programu ndiye mwenye uwezo wa kulifanya au kulikataa, na mara nyingi ndiye peke yake atakayejua.

Kijana wetu akiifungua Biblia yake atakuta jambo hili limekwisha kusemwa. Torati inakataza mizani na mawe ya kupimia yasiyo ya haki. Mithali inakataza. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokipunguza kipimo ili wawanyonye maskini. Ndugu zetu Waislamu wanayo sura ya 83 ya Kurani, ambayo jina lake lenyewe lawataja wapunjaji wa vipimo. Zamani jiwe la udanganyifu lilifichwa mfukoni mwa mchuuzi. Leo linaweza kufichwa ndani ya programu, lakini katazo ni lile lile.

Kupunja kwa makusudi ni jambo moja. Liko la pili, nalo ni makosa yasiyokusudiwa, maana hakuna programu isiyo na kasoro. Hapa nataka niwataje watu wawili wa Marekani. Wa kwanza ni Larry Wall. Yeye na mkewe walisomea elimu ya lugha wakitarajia kwenda, pengine huku kwetu Afrika, kuipatia maandishi lugha isiyoandikwa. Afya ikawazuia. Akaingia kwenye kompyuta, na mwaka 1987 akatoa lugha ya kutungia programu iitwayo Perl, ambayo aliwaachia watu wote waitumie bure. Wa pili ni Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Mlutheri aliyeandika hata kitabu cha kutafakari Biblia. Huyu alijiwekea desturi ya kumtumia hundi ya dola 2.56 kila aliyegundua kosa katika vitabu vyake vya elimu ya kompyuta. Tangu 2008 hutuma cheti badala ya hundi, lakini desturi haijafa. Tafakari, msomaji: mtaalamu wa kiwango hicho anamlipa mtu anayemwambia, "Bwana, hapa umekosea."

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kutumia mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mtambo ulikuwa na kasoro, ukaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa posta ndogo ndogo walilalamika, lakini kompyuta ikaaminiwa kuliko wao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa mtambo huo. Mama mmoja alipelekwa gerezani mwaka 2010 akiwa mjamzito. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro hizo Desemba 2019, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Mkurugenzi mkuu wa shirika hilo kuanzia 2012 hadi 2019 alikuwa pia kasisi wa Kanisa la Anglikana. Simtaji ili nimhukumu. Namtaja kwa sababu inaonyesha kwamba dini ya wakubwa wa kazi, peke yake, haiwezi kuisahihisha hesabu iliyokosewa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Mstari wa Biblia kwenye ukurasa wa kwanza hauna ubaya, lakini mchimbaji wa Geita hatapata gramu yake kwa mstari huo. Akitunga programu, risiti ionyeshe uzito kama mizani ilivyousoma, bei iliyotumika na kila makato, kwa Kiswahili ambacho mwenye dhahabu anakielewa. Tajiri akimwagiza akate tarakimu, amkatalie, hata kama kazi itakwenda kwa mwingine. Najua hilo si dogo kwa mwenye watoto na kodi ya nyumba. Na siku muuzaji atakaporudi na risiti yake akisema hesabu haikukaa sawa, kijana wetu asianze kwa kusema kompyuta haikosei. Aketi naye, ahesabu upya kwa kalamu na karatasi, na kosa likionekana kuwa la programu, alitangaze, na aliyepunjwa arudishiwe haki yake.