Ulimi wa Sokwe na Ulimi Wetu: Uchungu Umeandikwa Wapi?



Kuna kikaratasi ambacho watoto wetu huku Uingereza na Marekani hupewa shuleni katika somo la bayolojia. Wanakiweka ulimini, mmoja anakunja uso na kutema, wa pili anauliza, "Kwani kina nini?" Kisha wanaambiwa wakawajaribu wazee wao nyumbani. Hapo ndipo fitina inapoanza, maana vitabu vingi husema kuwa baba na mama wasiouonja uchungu ule hawawezi kuzaa mtoto anayeuonja. Sasa mtoto akiuonja na wazee wote wawili hawauonji, ndo tuseme nini?

Kikaratasi hicho kimetiwa dawa iitwayo PTC. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox, katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Marekani, alikuwa akiimimina chupani, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamika kuwa ni chungu, Fox hakuonja kitu. Wakabishana, wakaonjeshana, wakawaonjesha na wengine, ikadhihirika kuwa kwa kitu kile kile watu wamegawika mafungu mawili. Haukupita muda wataalamu wakaonyesha kuwa hali hii hurithiwa, na kwamba asiyeonja ni yule aliyepata nakala dhaifu kwa baba na kwa mama pia. Kabla ya vipimo vya DNA wako walioitumia PTC kutafuta nani baba wa nani, na wako walioitumia kuwagawa wanadamu kwa "rangi" zao. Kote kuwili ni kuubebesha ulimi mzigo usiouweza.

Agosti 1939, siku chache kabla ya vita, wanajenetiki walikuwa mkutanoni Edinburgh. R. A. Fisher, E. B. Ford na Julian Huxley wakachukua maji yaliyotiwa PTC wakaenda kuwaonjesha sokwe wa bustani ya wanyama. Kati ya sokwe 27 waliojaribiwa kwa jumla, 20 waliuonja uchungu na 7 hawakuuonja, uwiano usiopishana sana na wa Wazungu wenyewe. Wakahitimisha kuwa mgawanyiko huu tumeurithi sote, sisi na sokwe, kwa babu mmoja wa mamilioni ya miaka iliyopita. Hoja nzuri kweli kweli, ikakaa vitabuni miaka 67.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2003, kwenye kromosomu ya 7, ikaitwa TAS2R38. Ni moja tu ya jeni zetu 25 hivi zinazotengeneza vipokezi vya uchungu. Nakala zetu mbili kubwa, ile kali na ile dhaifu, zinatofautiana mahali patatu tu katika mnyororo wa protini. Mwaka 2006 Stephen Wooding na wenzake wakaisoma jeni hiyo hiyo kwa sokwe, na hoja ya Fisher ikaporomoka. Sokwe wasioonja hawana yale mabadiliko yetu matatu. Kwao imeharibika herufi moja pale jeni inapoanza kusomwa, basi protini inatoka pungufu, haifanyi kazi. Mwaka 2010 Wajapani wakakuta kima wa rasi ya Kii nao wameipoteza kwa kuharibika pale pale mwanzoni, kivyao. Njia tatu, mwisho mmoja!

Sasa turudi kwa yule mtoto. Jeni hii inaeleza sehemu kubwa ya tofauti zetu, lakini si zote. Watoto huonja uchungu hafifu kuliko wakubwa wenye nakala zile zile, na ndiyo maana anayeususia mchunga leo huenda akauomba akishakua. Isitoshe, Afrika ina aina nyingi zaidi za jeni hii kuliko kwengine, zikiwemo ambazo si kali wala si butu, ilhali kanuni ya vitabuni ilijengwa kwa kuwapima zaidi Wazungu. Kwa hiyo kikaratasi hakithibitishi lolote kuhusu baba, na mwalimu anayekigawa angefaa kulisema hilo kabla watoto hawajakwenda nacho nyumbani.

Kwa nini basi nakala dhaifu haikufutika? Uchungu ni bawabu wa sumu. Nyangumi, wanaomeza samaki mzima mzima, wamepoteza karibu vipokezi vyote na hawadhuriki. Sisi na sokwe tunakula majani na matunda, bawabu tunamhitaji. Tena kipokezi hiki kimo hata puani: mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia walionyesha kuwa kinanusa ishara za bakteria na kuamsha kinga. Wapo wanaodhani nakala "dhaifu" hutambua sumu nyengine. Mimi naona hoja hiyo inavutia, ila ushahidi bado haujatosha.

Lakini bawabu naye hupuuzwa. Mwaka 1987, Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimtazama sokwe jike mgonjwa akimenya shina changa la mmea ambao Watongwe huuita mjonso, akatafuna kiini chake, akanyonya maji na kutema nyuzi. Uchungu wake hauna mfano, na sokwe wazima kwa kawaida huupita tu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Watongwe hutumia mmea huo huo kwa maradhi ya tumbo, na Kalunde, mwenyewe Mtongwe, aliijua dawa ile kabla maabara haijaipima.