Chatu wa Kufuga: Mchanga au Aliyekomaa?

Mara nne kwa mwaka wafugaji wa reptilia kutoka pande mbalimbali za Ulaya humiminika Hamm, mji wa magharibi mwa Ujerumani, kwenye maonesho ya Terraristika. Meza hujaa vikopo vya plastiki vilivyotobolewa matundu, na ndani ya kila kikopo amejikunja nyoka mmoja mchanga. Hao wadogo ndio wanaouzwa kwa wingi. Ni wepesi kubeba, bei yao mara nyingi ni nafuu, na mnunuzi anayeanza huja na hoja moja: nikimlea tangu utotoni, atanizoea.

Hoja hiyo imeazimwa kutoka kwa mbwa. Mtoto wa mbwa katika wiki zake za mwanzo hujifunza nani ni wa kwake, na mafunzo hayo humkaa maisha yote. Nyoka hana malezi ya aina hiyo. Chatu jike huyazungukia mayai yake kwa takribani miezi miwili, lakini yakishaanguliwa kila mtoto hushika njia yake na mama hushika yake. Kinachoitwa mazoea kwa nyoka ni kwamba ameshikwa mara nyingi bila kudhurika, basi harufu na joto la mkono wa mtu havimtishi tena. Hilo hata chatu wa miaka kumi hulijifunza, na pengine upesi kuliko mtoto wake.

Nyoka anayezungumzwa zaidi katika biashara hii ni chatu mpira, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiogopa hujiviringisha na kuficha kichwa katikati ya mwili. Kwao ni ukanda unaoanzia Senegal hadi Uganda. Togo, Benin na Ghana zimekuwa zikimsafirisha kwa miongo mingi, na tangu mwaka 1975 zaidi ya milioni 3 wamepelekwa nje, wengi wao Marekani na Ulaya. Katika mji wa Ouidah, Benin, spishi hiyohiyo inaheshimiwa hekaluni na kuachwa itambae mitaani. Jike aliyekomaa hufika sentimita 120 hadi 150, dume huwa mfupi zaidi, na mtoto anayetoka kwenye yai ana sentimita 25 hadi 40 tu.

Udogo huo ndio chanzo cha shida zake. Porini mtoto wa chatu huliwa na ndege, nguchiro, kenge na hata nyoka wenzake, kwa hiyo huzaliwa akimhesabu kila kiumbe kikubwa kuwa adui. Mkono ukishuka kutoka juu, yeye hurusha kichwa na kuuma. Meno yake ni madogo na hana sumu, jeraha huwa mkwaruzo tu, lakini anayeanza akishaumwa mara kadhaa huanza kuogopa, na nyoka asiyeshikwa hazoei kushikwa. Chatu aliyekomaa kwa kawaida ametulia. Tabia yake imeshajulikana: mnunuzi anaweza kumshika kwa dakika kumi mbele ya mwenyewe na kuona anampeleka nani nyumbani.

Chakula ndicho kipimo kikubwa zaidi, na hapo tofauti ya umri inauma kweli. Mtoto anahitaji kula kila baada ya siku tano hadi saba, windo lenye unene unaokaribia sehemu pana ya mwili wake. Chatu mpira wanajulikana kwa kugoma kula. Mwingine hataki panya aliyegandishwa na kuyeyushwa, mwingine hali kama kizimba ni kikubwa mno na hana pa kujificha, na mwingine hugoma kwa sababu tu jana alihamishwa. Aliyekomaa naye hugoma, hasa dume katika msimu wa kupandana, na anaweza kukaa miezi bila kula huku uzito wake ukipungua kidogo tu. Mtoto hana akiba hiyo. Wiki chache za mgomo humdhoofisha, na mfugaji asiye na uzoefu hujikuta akimsumbua kila siku kwa kumjaribishia chakula, jambo linalozidisha mgomo wenyewe.

Joto na unyevu navyo vinamgusa mdogo kwanza. Nyoka hutegemea joto la nje, basi kizimba cha chatu mpira kinahitaji upande wenye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande mwingine wenye nyuzi 25 hadi 27, pamoja na kifaa cha kudhibiti joto ili lisipande ovyo. Mwili mdogo hupoteza maji haraka, na hewa ikiwa kavu ngozi haitoki kipande kimoja wakati wa kujivua gamba. Mabaki yake hung'ang'ania machoni na kwenye ncha ya mkia.

Nyoka wa mahindi, mzawa wa kusini mashariki mwa Marekani, ana sifa tofauti. Watoto wake wengi hula vizuri, huanza na panya wachanga wasioota manyoya, na wakikomaa hawazidi sana mita moja na nusu. Anayetaka kweli kuanza na mdogo angefanya vyema kumfikiria huyu kabla ya chatu. Tatizo lake ni kutoroka. Mtoto wa nyoka wa mahindi hupita kwenye upenyo ambao mwenye nyumba haujui upo, na kumpata nyuma ya kabati la jikoni ni kazi ya siku nyingi.

Kuna pia suala la rangi. Tangu chatu mpira albino wa kwanza azalishwe kizimbani Marekani mwaka 1992, wazalishaji wametengeneza mamia ya michoro na rangi, na wanunuzi hulipia mtoto kwa sura aliyonayo siku hiyo. Rangi nyingi hufifia au hubadilika kadiri anavyokua. Wapo pia waliorithi kasoro pamoja na mchoro: aina inayoitwa “buibui” hutikisa kichwa na kupoteza mizani, na watafiti wameonesha kwamba sikio lake la ndani limeumbwa vibaya. Kwa mtoto aliyelala amejikunja ndani ya kikopo, kasoro hiyo si rahisi kuonekana. Aliyekomaa hawezi kuificha.

Haya yote hayamfanyi kila chatu mkubwa kuwa chaguo jema. Aliyekamatwa porini mara nyingi huja na kupe na minyoo, na huchukua muda mrefu kukubali kizimba. Aliyelishwa panya hai kwa miaka huenda ana makovu ya kung'atwa, na huenda akakataa kabisa panya waliogandishwa. Aliyehama mikono mitatu au minne huwa hana historia. Umri wake hausomeki kwa macho. Lakini hofu ya kwamba mkubwa atakufa mapema aghalabu haina msingi. Chatu mpira wengi waliotunzwa vizuri hufika miaka 20 hadi 30, na jike mmoja aliyepokelewa na Saint Louis Zoo huko Marekani mwaka 1961 alitaga mayai saba mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, ilhali hakuwa amekutana na dume kwa miaka isiyopungua 15.

Hatari ya kuvutiwa na udogo imeonekana wazi zaidi Florida. Chatu wa Burma huanguliwa akiwa na takribani nusu mita, umbo linalotosha viganjani, kisha akilishwa vizuri huweza kupita mita mbili ndani ya muda mfupi na hatimaye kufika mita nne au tano. Wafugaji walioshindwa kuwamudu waliwaachia, wengine walitoroka, na kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kilibomoa kituo cha kuwazalisha karibu na mbuga ya Everglades. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba idadi ya rakuni walioonekana barabarani huko imeanguka kwa zaidi ya asilimia 99 tangu chatu hao waenee. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza chatu wa Burma nchini, pamoja na chatu wakubwa wa Afrika. Leo mamlaka ya wanyamapori ya Florida ina utaratibu wa kupokea wanyama wa kigeni kutoka kwa wenyewe bila kuwaadhibu, ili wasiachiwe porini.

Ndiyo maana kwa anayeanza, hasa mwenye watoto nyumbani, chaguo lenye mantiki zaidi ni chatu mpira aliyezaliwa kizimbani na kuvuka mwaka mmoja, au aliyekomaa kutoka kwa mfugaji anayejulikana. Kwa watoto wenyewe kuna sharti la ziada: reptilia wa umri wowote hubeba salmonela, na mamlaka ya afya ya Marekani inashauri walio chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa.

Sheria nayo iangaliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hawaii hairuhusu nyoka wa kufugwa nyumbani wa aina yoyote. Nchini Kenya na Tanzania, kumkamata chatu wa porini na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa chini ya sheria za wanyamapori, hata akiwa mdogo kiasi gani.

Akishapatikana nyoka, muuzaji aombwe daftari la ulishaji: tarehe, aina ya windo, na kama lilikuwa hai au limegandishwa. Ikiwezekana, mnunuzi amshuhudie akila. Nyumbani aachwe wiki nzima bila kushikwa, kisha alishwe, na baada ya kula asiguswe kwa siku mbili, kwani akisumbuliwa huweza kutapika. Kinyesi chake cha kwanza kipelekwe kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, kipimwe minyoo kabla nyoka huyo hajawekwa karibu na mwingine.