Askari Aliyempiga Mkewe: Je, Cheo Kinapunguza Adhabu?

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Dodoma, Kondoa na Mpwapwa, kama kwingineko, imamu ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuombwa asuluhishe wanandoa. Tuchukulie mume ni askari polisi, amempiga mkewe kofi la uso bila kumjeruhi, na ni mara yake ya kwanza. Ahukumiwe vipi? Je, sare yake ipunguze adhabu?

Sheria ya nchi

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumuadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 240, inaweka kifungo kisichozidi mwaka 1 kwa shambulio la kawaida. Likisababisha madhara mwilini, kifungu cha 241 kinafikisha miaka 5. Hakimu anaweza pia kumuachia mkosaji kwa masharti, au kuhimiza suluhu. Vifungu hivi havimtoi askari.

Mtazamo wa fiqhi

Atakayejikinga kwa aya ya 34 ya Suratun-Nisaa akumbuke kwamba wanavyuoni wameifunga kwa masharti mazito, na kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa yeye mwenyewe hakupata kumpiga mwanamke. Basi kofi hilo ni dhulma.

Dhulma hiyo haina haddi maalumu. Imo katika mlango wa taaziri, ambapo kadhi hupima kosa na mkosaji. Hapo hutajwa hadithi ya Abu Daud inayoagiza wenye heshima wasamehewe kuteleza kwao, isipokuwa katika haddi. Wapo wanaoitumia kumkinga mwenye cheo. Lakini Imam Shafi (r.a.) amewaeleza watu hao kuwa ni wale wasiojulikana kwa shari, kisha mmoja wao akateleza. Kwa hiyo kinachotazamwa ni mwenendo, wala si cheo. Na katika kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum, Mtume (s.a.w.) alionya kuwa waliotangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa na kuwaadhibu wanyonge.

Tena, kipigo kina haki ya mja. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza kuwa mtawala hana mamlaka ya kuisamehe haki ya aliyedhulumiwa. Mwenye kusamehe ni mke, kwa hiari yake.

Wajibu wa imamu

Hiari hiyo ndiyo yenye mashaka hapa. Dawati la Jinsia na Watoto liko kituoni, na huenda anayepokea malalamiko ni mwenzake mume. Mke akinyamaza kwa hofu hiyo, huko si kusamehe. Suluhu ni kheri, lakini suluhu ya kulazimishwa haihalalishi dhulma. Imamu amsikilize mke faraghani, na akitaka kushitaki amsindikize.

Kwa maoni yetu, kosa la kwanza na toba ya kweli vinaweza kupunguza adhabu, sare haipunguzi. Na askari akiitumia kumzuia mkewe asishitaki, adhabu na izidi, kwani ameigeuza amana kuwa silaha.

Wallahu a'alam.